Benchi la Nyumba Mbili

Shuleni kwetu Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, hakuna mtoto mwenye benchi peke yake. Hiyo ilikuwa sheria ya komite ya wazazi, tangu Kampuni, ile ya migodi ya shaba, ilipoacha kututengenezea hata kitasa cha mlango: benchi moja, watoto wawili, nyumba mbili. Nyumba moja inaleta ubao wa kukalia, nyumba nyingine inaleta miguu. Mkigombana, mtakaa pamoja hivyo hivyo mmenuna, maana ubao bila miguu ni kuni, na miguu bila ubao ni chuma cha kutoboa makalio.

Aliyetunga sheria ile ni Tata Prezida, yaani prezida wa komite, baba wa mwenzangu wa benchi. Wao ndio walioleta ubao: mnene, wa mti mwekundu, kutoka karakana ya Kampuni alikokuwa karani. Sisi tulileta miguu, mabomba ya maji ambayo baba yangu hakupenda kuulizwa yalitoka wapi. Vyote vilikazwa kwa boloti. Tukakaa hapo tangu tulipokuwa wadogo, vitabu magotini, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa kufukuzwa nje haraka.

Maana mimi ni mchekeshaji wa darasa. Sijisifu. Prefe, mkuu wetu wa shule, ndiye aliyesema hivyo mbele ya wazazi, na sura yake haikuwa ya kusifu. Naiga kila mtu: Prefe akitafuta miwani iliyo usoni mwake, padre akipiga chafya katikati ya baraka. Lakini niliyemuiga vizuri kuliko wote ni Tata Prezida akifungua mkutano, anavyovuta maneno kama mtu anayevuta ndoo kisimani: "Bazaaazi benye hesiiima..." Mwanawe ndiye aliyekuwa anacheka kwanza, tena ananisahihisha.

"Hapana, we mupumbafu. Mbele anakohoa, kisha njo anasema."

Tulitaniana bila huruma. Asili ya nyumba yetu ni Kasaji, basi yeye alikuwa ananiambia: "Kwenu treni inasimama tu ili dereva akojoe." Nami nilimjibu: "We mugeni, utarudia kwenu lini?" Kwa sababu asili ya nyumba yao ni Kasai, jimbo la mbali. Lakini yeye alizaliwa Dilala, na baba yake alizaliwa hapa Kolwezi. Babu yake ndiye aliyeletwa na treni ya Kampuni kuja kuchimba shaba. Nyumba nzima, mwenye kuijua Kasai alikuwa bibi yake peke yake, na yeye aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka jino la utotoni.

"Kwetu ni matarniti ya Dilala," alikuwa anajibu, yaani wodi ya kuzalia. "Kitanda cha karibu na dirisha. Uende uulize."

Kisha mambo yakaharibika. Mishahara ya Kampuni ilikuwa imekatika, mgao wa unga umekatika, mashimo makubwa yamejaa maji. Wakubwa wakasema redioni kwamba tunajua nani ametula. Vijana wenye matawi na fimbo wakaanza kupita mitaani wakiimba kwamba watu wa Kasai ni bilulu, wadudu, warudi kwao. Lini mtarudia kwenu, lini mtarudia kwenu. Siku ya kwanza kuusikia wimbo nilisimama getini na tonge la bukari, ugali wetu, mdomoni. Ulikuwa mzaha wangu ule, neno kwa neno. Sijui kama waliniibia mimi, au mimi ndiye niliyeuokota kwao zamani, kabla hawajaanza kuutumia.

Tata Prezida na watu wake walitolewa kwenye nyumba ya Kampuni asubuhi, mchana wakawa gare, stesheni ya treni, pamoja na wengine wote, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Baada ya siku chache Tata Prezida akaja darasani na spana mkononi. Alivaa koti lake la mikutano. Akamwomba Prefe ruhusa, akatuomba sisi watoto msamaha kwa kutukatizia somo.

"Mbao ni ya muzazi," alisema. "Ni sheria yenye tulipanga. Mama yangu analala mu maji kule, batoto. Munisamehe."

Akafungua boloti moja moja, akatoa ubao, kisha akazirudisha boloti kwenye matundu ya mabomba yetu ili zisipotee. Mwanawe alisimama mlangoni, hakuingia. Wazazi wengine wa Kasai wakafanya vilevile siku zilizofuata, na darasa likabaki limejaa miguu ya chuma imesimama bure, kama kundi la mbuzi waliochunwa.

Mimi nilifanya nini? Nilipanda juu ya mabomba yangu, nikashika usukani hewani, nikasema: "Mi niko naenda Kasaji na kinga. Nani anapanda nyuma?" Kinga ni baiskeli. Darasa likacheka hadi mwalimu akacheka. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Sasa wageni. Wanafunzi wa ng'ambo, wa shule moja huko kwa wazungu, walikuwa wanakuja kwa likizo ya Pasaka kutusaidia kazi za mikono. Tata Prezida ndiye aliyekuwa amewaomba kupitia kwa mapadri, kabla ya haya yote, na sisi watoto tulikuwa tumemcheka kwa kuwaza wazungu wakibeba karai. Watafanya kazi gani, hakuna aliyejua. Tuliambiwa wataamua wakishaona.

Komite ikakutana darasani kwetu, kwa sababu paa letu ndilo lisilovuja. Wazazi walisimama, maana pa kukaa hapakuwepo. Prezida mpya alikuwa makamu wa zamani, ambaye ni baba yangu. Hakupigiwa kura. Walimtazama tu wote, naye akatazama nyuma yake kuona wanamtazama nani. Mimi nilikuwa dirishani kwa nje, na nikataka kucheka.

"Mugeni haingii mu nyumba yenye haina kiti," baba alisema. "Ni haya. Batasema sisi ni banyama."

Hapo hakusema jambo geni. Kwetu mgeni akisikika anakuja, mama anazunguka nyumba za jirani kuazima viti, vikombe, hata shuka. Mgeni akiondoka, kila kitu kinarudi kwa mwenyewe na watoto wanaruhusiwa tena kukaa chini. Wazazi wote wakaitikia kwa vichwa.

"Mbao ziko ku gare," baba mmoja akasema. "Bazilete. Batoto baende na pusu."

"Na bale benye banalalia ile mbao?" aliuliza mama mmoja, muuza mandazi wa mbele ya shule. "Muko naona mvua hii?"

"Mama, treni iko karibu."

"Iko karibu tangu lini?"

Baba yangu alitazama mabomba ya darasa kama fundi anayetafuta bomba linalovuja.

Tukapelekwa sisi, kwa jina la salongo, kazi ya lazima ya wote, na pusu mbili, mikokoteni yetu ya kusukuma. Gare ya Kolwezi siku ile ilikuwa kama mji ulioanguka kutoka mbinguni ukavunjika. Makabati, vyerehani, vitanda vya chuma, kuku ndani ya masufuria, mashuka yamefungwa kuwa kuta. Katikati maji ya mvua yanatembea yatakavyo. Mwenzangu wa benchi nilimkuta anapuliza mbabula, jiko lao la makala. Nyuma yake, bibi yake alikuwa amelala juu ya ubao wetu, umewekwa juu ya matofali, na maji yanapita chini yake bila kumgusa. Alikuwa anakohoa, kikohozi kidogo cha mtu anayeogopa kusumbua jirani.

"Umekuja kunicheka ao kunisalimia?" rafiki yangu aliniuliza. Alikuwa amefurahi. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

"Nimekuja kuchukua kiti yangu," nilimwambia.

Akacheka. Alicheka kwa kweli, akashika tumbo, akasema, "We mutu, hata huku!" Alidhani ndio mwanzo wa mzaha, akangoja unaofuata. Kisha macho yake yakaenda kwenye pusu, yakaona mbao za wengine zimeshapangwa, na kicheko kikabaki usoni mwake kidogo, kama mtu aliyesahau kuvua kofia kanisani.

Tata Prezida alitoka nyuma ya shuka. Nilimweleza habari ya wageni, nikitazama viatu vyake, vile vya mikutano, vimejaa tope. Nilitegemea atanitukana. Nilimwomba Mungu amfanye anitukane.

"Banafika kweli?" aliuliza.

"Jumatatu, tata."

"Bale bageni ni bangu. Mi njo nilibaita." Akatazama pusu. "Bafike kwa shule yangu bakose pa kukaa? Hapana. Chukueni."

Akainama, akamwinua mama yake kwa mikono miwili. Bibi hakuelewa, au alielewa. Alisema neno moja la kwao, naye akamjibu kwa upole. Wakamketisha juu ya sanduku la nguo, miguu yake ikagusa maji. Rafiki yangu alishika ncha moja ya ubao, mimi nyingine, tukaupakia kwenye pusu. Njiani wenzangu wakaniomba niigize Tata Prezida akimbeba mama yake. Sikuigiza, lakini sikuwakataza kucheka.

Nikaukaza ubao kwenye miguu ile kwa boloti zilezile. Mvua ilinyesha, ikanyesha tena.

Wageni walifika Jumatatu, wekundu kama nyanya, na misumeno, randa na masanduku ya misumari. Tuliimba. Baba alisoma hotuba. Kiongozi wao, mwalimu mmoja mwenye ndevu, akaingia darasani kwetu, akasimama, akageuka huku na huku akitazama mabenchi yetu yamejipanga kamili kama askari.

"Kumbe viti mnavyo!" alisema kwa Kifaransa. "Padre alituambia hamna, tukabeba vyombo vya useremala. Tena tulikusanya fedha za mbao. Basi vizuri sana. Tutafanya jambo lingine."

Nilimwona baba. Uso wake ulianza kutabasamu, ukafika nusu njia, ukasimama. Mama wa mandazi, aliyekuwa mlangoni na sinia la kuwakaribisha wageni, alisonya kwa sauti ambayo hata mzungu aliielewa. Baba angeweza kusema. Neno moja: hizi si zetu, tumeziazima. Lakini ni nani duniani aliyewahi kumwambia mgeni kwamba kiti alichokalia kimetolewa chini ya mgonjwa?

"Ndiyo, bwana," baba akasema. "Tunajikaza."

Basi wakachora kwenye ukuta wa darasa. Ndiyo, fedha za mbao zikawa rangi. Walichora watoto wa dunia nzima wameshikana mikono, na kwa kuwa rangi ya kahawia iliwaishia mapema, mtoto wa mwisho upande wetu ni wa kijani. Mimi nilisema yule ni Prefe alipokuwa mdogo. Wenzangu walianguka kwa kicheko, hata wageni wakacheka baada ya kutafsiriwa. Nilikuwa kwenye hali yangu nzuri kabisa. Siku zile zote za wageni nilichekesha kama redio isiyozimika, kwa sababu nikinyamaza tu nilikuwa nasikia kile kikohozi.

Mmoja wa wageni, msichana wa umri wetu mwenye rangi kwenye nywele, akaja kukaa nami kwenye benchi wakati wa mapumziko, upande wa dirisha.

"Hapa anakaa nani?" aliniuliza.

"Rafiki yangu. Amesafiri."

"Anarudi lini?"

Mvua ikaanza kupiga bati juu yetu. Nilitafuta mzaha. Nilipekua kichwa chote, kona zote, nikakuta patupu. Nikainuka, nikaenda kuchukua spana kwenye sanduku la wageni, nikalala chini ya benchi na kuanza kufungua. Yule msichana alisogea, akanitazama, akafikiri labda ni kazi ya mikono imeanza. Nilipoutoa ubao na kuuweka begani ukaniyumbisha, maana ni mzito, ulitengenezwa kwa ajili ya nyumba mbili.

"Nikusaidie," akasema, akashika ncha ya nyuma.

Tukatoka. Verandani komite yote ilikuwa imekaa na kiongozi wa wageni wakinywa soda. Baba akasimama.

"Unaenda wapi na ile?"

"Kuirudisha, tata."

Alimtazama msichana wa kizungu aliyeshika ncha ya pili, mvua ikimteremka puani, anacheka kwa furaha ya kuwa na kazi. Mgeni hanyang'anywi anachobeba kwa hiari yake. Baba alijua, nami nilijua kwamba anajua, na sikuona haya kujificha nyuma ya msichana yule kama mtu anavyojificha nyuma ya padre. Akakaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Musiteleze."

Njia nzima ya kwenda gare msichana aliniuliza maswali na mimi nilijibu, huu ni mti gani, ule mlima wa uchafu mweusi unatoka wapi. Tulipofika, akasimama ghafla, na ubao ukanivuta nyuma.

"Hawa wote ni nani?"

Watu walikuwa wameongezeka. Moshi umelala chini kwa sababu ya mvua. Mtoto mmoja alikuwa anaoga kwenye droo ya kabati.

"Wasafiri," nilisema. "Wanangoja treni."

Sikuona kwamba rafiki yangu ameshatufikia. Alisikia. Alinitazama, kisha akamgeukia msichana, akamwambia kwa Kifaransa kizuri, kile alichokuwa ananishinda nacho kila mtihani: "Ndiyo, madmazeli. Tunaenda kwetu."

Bibi alikuwa hai. Niliwahi kusali mara chache maishani, nyingi zikiwa kabla ya mtihani, lakini pale nilimshukuru Mungu. Alikuwa juu ya sanduku lilelile, amefungwa blanketi, amekuwa mdogo zaidi, na sasa kikohozi hakikuogopa kusumbua mtu. Tata Prezida hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuomba mahali ndani ya behewa. Tukapanga matofali, tukalaza ubao, rafiki yangu na mimi tukamlaza bibi. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizoanuliwa. Akafumbua macho, akamwona msichana wa kizungu amesimama mbele yake na tope mikononi, na uso wake wote ukafunguka. Akamshika mikono. Akamwita mutoto wangu. Akamshukuru kwa kumletea kitanda, akasema msichana ni mgeni aliyetoka mbali lakini amemwona, wakati watu wa hapa hawakumwona. Mungu amzidishie. Mungu ampatie bwana muzuri asiyekunywa.

"Anasema nini?" msichana akaniuliza.

"Anasema asante."

"Anasema Mungu akupatie mume asiye mlevi," rafiki yangu akamsahihisha, kwa sauti ileile aliyokuwa ananisahihisha nikimuiga baba yake.

Msichana akacheka, machozi yakamtoka, akamkumbatia bibi. Mimi nikacheka. Rafiki yangu naye akacheka kidogo, akitazama pembeni. Angeweza kumwambia bibi yake ukweli: kwamba ubao ni wao, kwamba nani aliuchukua, kwamba mzungu ameshika ncha tu. Alimwachia bibi furaha yake. Na mimi nilishukuru hakuna aliyenitazama, nikasimama pale kama mpagazi.

"Treni ikikuja utaenda nayo, ile mbao?" nilimuuliza, kwa sababu ilinilazimu kusema kitu.

"Nitaenda nayo. Miguu ubakie nayo."

"Mi nitakuletea na miguu."

"Hapana," alisema. "Utaketi wapi?" Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kweli. Kisha akarudi kwenye mbabula yake.

Tulipokuwa tunaondoka, kwenye njia ya kuvuka reli, msichana aligeuka kuwatazama tena wale watu: mama mmoja ameketi juu ya sufuria iliyofunikwa, mzee amesimama tu majini, amechoka kutafuta pa kukaa. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Ziko mbao nyingine za kuleta?" aliniuliza. "Tunaweza kuja wote. Sisi tuko wengi, ni kazi ya nusu siku tu."

Nilizifikiria zote, zilivyopangwa kule darasani mbele ya watoto wa rangi wameshikana mikono. Nilijua kila moja ilitoka chini ya nani. Nikamfikiria baba yangu na hotuba yake, na wazazi wa komite, na jinsi yule mwalimu mwenye ndevu atakavyowatazama. Msichana akanyoosha vidole, tayari kuzihesabu.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa hii moja tu."

Akaniamini. Alikuwa na furaha, akaniomba nimchekeshe, nikamuigiza Prefe akitafuta miwani yake, tukatembea hivyo hadi shuleni.